Klachi ndani ya oili: dukani wanasema SAE 90, fundi 20W-50, kitabu 10W-30. Nimsikilize nani?

Mwana Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Nina Yamaha DT125 ya zamani, ile ya 2T (mipigo miwili) inayopozwa kwa upepo. Ilikuwa ya mjomba enzi zake akiwa bwana shamba, alipostaafu akanipa. Injini haina shida, kiki moja tu inawaka. Kinachonisumbua ni gia boksi. Asubuhi nikiingiza gia ya kwanza inapiga kishindo na pikipiki inajirusha mbele, na hapo klachi nimeikamata mpaka handeli imegusa mshikio. Nikisimama kwenye taa za Magomeni, kuitafuta nyutro ni ugomvi. Inabidi nizime ndiyo nyutro ipatikane, huku wenye bajaji nyuma wananipigia honi kana kwamba nimewafungia barabara kwa makusudi.

Nikaamua kumwaga oili niliyoikuta. Ni nzito, inashuka polepole, na inanuka kiberiti. Kopo la mjomba bado lipo stoo, limeandikwa SAE 90, GL-5. Kariakoo nikamkuta muuza spea, kabla sijamaliza sentensi akasema, "Gia boksi inakula SAE 90, kama gari." Fundi wangu hapa Tabata anasema weka 20W-50 ya Boxer, maisha yaendelee. Kitabu cha pikipiki kimeandika SAE 10W-30, daraja la SE. Na jirani yangu mwenye karakana ya magari anasema nimimine ATF, oili ya gia boksi za otomatiki, eti huko Ulaya wanaoshindana mbio za matope ndiyo wanayotumia.

Watu wanne, oili nne. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, ikiwezekana na sababu, maana "weka hii" nimeshaambiwa ya kutosha.

Kipara cha Helmeti

Ngoja wajuvi waje, mimi naweka kambi hapa.

Ila swali la kizushi: si kuna oili ya 2T mnayochanganya na petroli? Kwa nini usiweke hiyohiyo na kwenye gia, uwe na kopo moja nyumbani?

Mzee wa Gerezani

Kipara, hiyo usimwambie mtu mwingine. Oili ya 2T imetengenezwa ipite kwenye silinda mara moja, ilainishe, iungue na itoke na moshi. Haikutengenezwa kukaa kati ya meno ya gia yanayosagana kutwa nzima. Ukiiweka kwenye boksi, gia zitalia na wewe utalia baadaye.

Mwana Tabata, umeuliza vizuri, nami nitakujibu kwa urefu. Nenda kachukue chai.

Kwanza tuelewe mashine yako. Kwenye pikipiki nyingi za 4T (mipigo minne) tunazoziona mjini, Boxer, TVS, SanLG na ndugu zao, oili ni moja tu: inalainisha pistoni na kranki, inalainisha gia, na klachi inaogelea humohumo. DT yako, AG100, Suzuki TS na 2T nyingine za aina hiyo zimegawanyika. Pistoni na kranki zinapata oili ya 2T inayokuja na petroli. Chini kuna boksi lake lenye oili yake, na humo wamo wapangaji wawili tu: gia na klachi. Ndiyo maana muuza spea akisikia "gia boksi" anakimbilia SAE 90. Anafikiria gia boksi ya gari, na kwenye gari klachi iko nje, kavu, haikutani na oili hata siku moja.

Sasa hiyo klachi. Ni pleti zilizopangwa kwa kupokezana: moja ina bitana la msuguano, inayofuata ni chuma kitupu, hivyohivyo mpaka mwisho, halafu springi zinazikandamiza zote pamoja. Zote zimelowa oili. Oili inapoza, inaondoa unga unaotoka kwenye bitana, na inafanya klachi ishike taratibu badala ya kudaka ghafla. Lakini pleti zilezile ukizibana lazima zishikane zisiteleze, na ukivuta handeli lazima ziachane mara moja. Oili inayofaa ni ile inayoruhusu yote mawili. Watu wengi wanaijua hatari ya upande mmoja tu.

Upande wako ni wa kutoachana. Oili nzito mno ikikaa kati ya pleti inazigandisha. Umevuta handeli, springi zimeachia, lakini utando mzito wa oili bado unaikokota pleti moja na mwenzake. Hapo ndipo unapopata kile kishindo cha gia ya kwanza na nyutro inayojificha. Asubuhi inazidi kwa sababu oili imepoa.

Upande wa pili ni wa kutoshika, na huo ndio unaoua klachi za vijana wengi wa boda. Oili za kisasa za gari dogo zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo. Nyingi zina molibidenamu. Kwenye gari ni jambo zuri. Kwenye pleti zako ni kuzipaka sabuni. Utaona ukiwa gia ya nne unapanda Kimara na abiria nyuma: unafungua moto, mashine inalia juu, spidi iko palepale.

Nimepumzika, nitarudi kwenye hizo namba zako.

Chuma Kigumu

Mzee shikamoo. Lakini mimi nabisha kidogo. SAE 90 ni nzito kuliko 50, na gia zinataka kitu kizito kisichokatika. Mjomba wake kaendesha miaka yote hiyo na boksi halijafa. Tusiogopeshane.

Mzee wa Gerezani

Marahaba kijana wangu. Boksi halijafa, kweli. Ila mwenzio anahangaika kutafuta nyutro Magomeni.

Hiyo 90 na 50 msizilinganishe, ni rula mbili tofauti. SAE, chama cha wahandisi wa magari, wana kipimo cha oili za injini na kingine cha oili za gia, na namba zake hazisomwi pamoja. Ukipima mnato kwenye nyuzi 100, oili ya gia ya SAE 90 inaanzia sentistoki 13.5. Oili ya injini ya 40 iko kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 iko kati ya 16.3 na 21.9. Maana yake SAE 90 ikishapata moto inaweza kuwa sawa kabisa na 20W-50. Namba kubwa kwenye kopo haikuongezei ulinzi wowote.

Tofauti kubwa iko kwenye asubuhi na kwenye dawa. SAE 90 isiyo na W ikiwa imepoa ni nzito kuliko hiyo 20W-50 ikiwa imepoa. Halafu GL-5 imejazwa dawa ya shinikizo kali, salfa na fosforasi, kwa ajili ya difu za magari ambako meno yanasuguana kwa kuteleza. Hicho ndicho kiberiti alichokinusa. Dawa hiyo haikupangwa kwa ajili ya bitana la klachi, na aina nyingi zake zinakula shaba zikipata joto. Ukiwa na bushi za shaba humo ndani, zinaisha kimyakimya.

Kijiwe cha Buguruni

Mzee mimi nina Boxer 150, kazi ni abiria kutwa. Naweka 15W-40 ya malori, ya dizeli. Galoni kubwa ni nafuu, tunachanga kijiweni tunagawana. Klachi haijawahi kuteleza. Kwa hiyo hii habari ya oili maalumu ya pikipiki si biashara tu ya kutuuzia kopo dogo kwa bei kubwa?

Mzee wa Gerezani

Swali la haki hilo, na wala sikucheki.

Oili nyingi nzito za dizeli, 15W-40, hazina ile dawa ya kuteleza, ndiyo maana klachi yako imekuvumilia. Huko Marekani kuna waendesha pikipiki wengi wanaotumia oili ya malori ya Shell Rotella, na kopo lake limeandikwa kabisa kwamba inatimiza JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili inayofaa klachi iliyo ndani ya oili. Kwa hiyo wazo lako si la kijinga. Lakini neno "dizeli" peke yake halikupi uhakika. Siku galoni mnalolijua likikosekana, mkachukua jingine la rangi hiyohiyo, hamjui mnaweka nini. Geuza galoni usome mgongoni. Ukiona JASO MA au MA2, endelea na raha zako. Usipoiona, unacheza kamari, hata kama mpaka leo umekuwa ukishinda.

Na kuna jambo moja ambalo kopo la pikipiki linalijali zaidi. Gia zinaikata oili. Ile 50 ya 20W-50 inapatikana kwa kuweka nyuzi ndefu za polima kwenye oili nyepesi. Meno ya gia yanazikatakata, na baada ya muda 50 yako imeshuka daraja. Kiwango cha JASO kinapima na hilo pia, oili ibaki na mnato wake hata baada ya kukatwakatwa. Kwenye gari injini haina gia ndani ya oili yake, kwa hiyo adhabu hiyo haipo.

Mnunuzi Makini

Nami nichangie upande wa kopo, maana nashinda nayo dukani.

JASO ni Wajapani. Walitoa kiwango cha T 903 mwaka 1998 baada ya oili za magari kuanza kubadilika na pikipiki kulalamika klachi. Mwanzoni yalikuwa madaraja mawili. MA ni msuguano wa juu, kwa klachi iliyo ndani ya oili. MB ni msuguano wa chini, kwa mashine ambazo klachi yake haigusi oili. Mwaka 2006 wakaigawa MA ikawa MA1 na MA2. MA2 ndiyo inayoshika zaidi. Kopo lililoandikwa MA peke yake si baya, bado ni la klachi yako.

Alama yenyewe ni kisanduku kidogo mgongoni mwa kopo, juu kuna mfululizo wa herufi na namba za usajili, chini yake MA au MA2. Kuna makopo yasiyo na kisanduku, yameandikwa tu kwamba oili "inakidhi" JASO MA2. Hayo ni maneno ya mtengenezaji mwenyewe. Kama ni kampuni unayoiamini, sawa. Kama ni jina unaloliona kwa mara ya kwanza, na muuzaji naye hajui, mimi nisingebeba.

Upande wa API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, tafuteni lile duara lao kwenye kopo. Sehemu ya chini ya duara likiwa na maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving", hiyo ni ya gari, iacheni rafuni. Mara nyingi yanakaa kwenye oili nyepesi: 5W-20, 5W-30, 10W-30.

Mwana Tabata, hebu tazama tena namba ya kitabu chako.

Mwana Tabata

10W-30! Aisee.

Mzee wa Gerezani

Hapo Mnunuzi Makini amegusa penyewe, na ndiyo sababu sikutaka kukwambia "fuata kitabu" halafu nikalale.

Kitabu chako hakikukosea. Daraja la SE ni la API, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Enzi hizo oili ya 10W-30 ya gari ilikuwa oili ya kawaida, haina manjonjo ya kupunguza msuguano. Yamaha wakaandika 10W-30 SE na klachi ikashika vizuri. Leo ukienda dukani na karatasi hiyo, muuzaji atakupa 10W-30 mpya ya gari, daraja la SN au SP, ghali, kopo linang'aa. Namba ni ileile ya kitabu, daraja ni la juu zaidi, na ndiyo itakayoitelezesha klachi yako. Umefuata kitabu neno kwa neno, na umeharibu.

Kwa hiyo soma kitabu kwa nia yake. Kilitaka oili ya injini nyepesi kiasi, si ya gia, isiyo na dawa ya kuteleza. Leo hiyo inauzwa kama oili ya pikipiki ya 4T yenye JASO MA au MA2. Ndiyo, 4T, japo injini yako ni 2T. Boksi lako halijui juu kuna nini. Usiogope neno hilo kwenye kopo.

Uzito sasa. 10W-30 ya 4T yenye MA ipo, baadhi ya pikipiki za Kihindi zinaitumia. Ukiipata, weka. 10W-40 ndiyo ningeichagua mimi kwa mashine yako: klachi inaachia vizuri ikiwa imepoa, na kwenye joto letu la Dar inabaki na mwili wa kutosha kulinda gia za umri huo. 20W-50 aliyosema fundi wako haitaua kitu, na ndiyo rahisi kuipata, kila kibanda kinayo. Castrol wana Activ 4T, Total wana Hi-Perf 4T, na nyinginezo. Ila kwa tatizo lako la pleti kukokotana, nisingeanzia hapo.

Chuma Kigumu

Nimekusoma mzee. Lakini hiyo 10W si ya nchi za baridi? W ni kipupwe. Hapa Dar asubuhi ya Julai ukivaa sweta unachekwa.

Mzee wa Gerezani

Umesema kweli, na ndiyo maana kwa Boxer ya 4T sina ugomvi na 20W-50, injini yenyewe imepangiwa. 20W inapimwa kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri. Hatutafika huko labda tuhamie kileleni Kilimanjaro. Lakini oili inayopimwa nyepesi kule chini huwa nyepesi kiasi hata kwenye alfajiri zetu za Dar. Kwenye pistoni hutaiona tofauti. Kwenye pleti zilizolala zimegandana usiku kucha utaiona kwa mguu wa kushoto.

Mama Skuta

Wakubwa samahani kuingilia, na mimi nina skuta ya otomatiki, naendea kazini Mikocheni. Fundi kaniwekea 20W-50 yenye MA2. Nimeharibu?

Mnunuzi Makini

Hapana dada, haijaharibika. Skuta yako klachi iko upande wa mkanda, kavu, haioni oili. MB ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yako, inapunguza msuguano kidogo. MA2 haitadhuru klachi. Nisingekimbia kuimwaga. Wakati mwingine wa kubadilisha angalia kitabu kinataka uzito gani, skuta nyingi mpya zinataka nyepesi kuliko 20W-50. Na muulize fundi kama anakumbuka oili ndogo ya gia kwenye gurudumu la nyuma, mafundi wengi wanaisahau kwa sababu ni kidogo sana na ina bolti yake.

Ila kosa likiwa kinyume, MB kwenye Boxer, hapo ndipo klachi inateleza.

Kijiwe cha Buguruni

Na bajaji je? Kuna ndugu yangu ana RE ya 4T.

Mzee wa Gerezani

Bajaji ya 4T ni kama pikipiki, klachi ya pleti nyingi ndani ya oili ya injini. MA au MA2. Na yeye abebaye watu watatu na mizigo ya Buguruni sokoni ndiye angejali zaidi yenu wote.

Kipara cha Helmeti

ATF mmeiruka. Mimi nilikuwa nasubiri ATF.

Mzee wa Gerezani

Haya, ATF. Jirani hakudanganya, wapo wa mbio wanaoitumia kwenye 2T. Lakini wanaotumia kwa akili wanatafuta Type F, ya zamani ya Ford, kwa sababu haina dawa ya kulainisha msuguano. ATF nyingi zinazouzwa hapa ni za familia ya Dexron, na hizo dawa hiyo zinayo. Pili, ATF ni nyepesi, hata 10W-30 inaishinda ikiwa ya moto. Mwenye mbio anamwaga oili kila baada ya shindano moja au mawili, na gia zake akizichosha ananunua nyingine. Wewe gia za DT ya mjomba ukizimaliza utazitafuta wapi? Achana nayo.

Na wakati tuko hapa, zile chupa ndogo za dawa za kuongezea kwenye oili, zinazodai kupaka chuma utando kisisuguane tena. Kwenye klachi ya aina hii, msuguano ndio unaokupeleka nyumbani. Usitie.

Mwana Tabata

Mzee Mungu akubariki. Swali la mwisho kabla sijaenda kununua. Wakati namwaga ile SAE 90, kwenye ncha ya bolti ya chini kuna sumaku, na sumaku ilikuwa imevaa tope laini la kijivu. Nimeisugua kati ya vidole, haina chembe, inateleza tu. Ni gia zinakwisha? Na je, nikiweka oili mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani?

Mzee wa Gerezani

Tope laini lisilokwaruza ni uchakavu wa kawaida wa gia, hasa kwa oili iliyokaa muda mrefu. Futa sumaku, rudisha. Ungeshika vipande vinavyochoma kidole, au kijiti chenye umbo la jino, ndiyo ningekwambia ufungue. Vipande vyeusi vyeusi vinavyofanana na karatasi iliyolowa ni bitana la klachi.

Tazama na rangi ya oili. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa DT ya upepo mara nyingi huwa yameingia kupitia mpira wa kupumulia wa boksi, ukipita kwenye maji marefu. Wanaopita Jangwani siku za mvua wanajua. Injini ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na boksi linavuta chochote kilicho mdomoni mwa ule mpira. Uinue, uufunge juu karibu na tangi.

Na ukiona oili ya boksi inapungua huku hakuna tone chini, na bomba linatoa moshi mzito mweupe, usilaumu oili. Sili ya kranki upande wa klachi imechoka, injini inainyonya na kuichoma. Uzuri wa 2T, unaweza kuendesha hivyo muda mrefu bila kujua. Ubaya wake ni huohuo.

Mabaki: iwashe ipate moto kidogo, mwaga ikiwa ya moto, iegemeze upande huu na huu. Weka oili mpya, zunguka nayo siku kadhaa, kisha mwaga tena. Ya kwanza hiyo ni ya kusuuza, kwa hiyo usinunue ya bei mbaya. Ya pili ndiyo ya kukaa.

Chuma Kigumu

Na kama tayari klachi ya mtu inateleza kwa ajili ya oili ya gari? Naulizia rafiki.

Mzee wa Gerezani

Mwambie huyo "rafiki" aanze na waya wa klachi kabla ya kulaumu oili. Handeli iwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haijaanza kukaza. Waya uliokazwa mno unaiacha klachi imebanduka kidogo muda wote, na nimeona watu wanabadilisha oili mara tatu kwa ajili ya nati moja ya waya.

Waya ukiwa sawa, mwaga, weka MA2, endesha, mwaga tena. Klachi nyingi zinarudi. Ikiwa bado inateleza, fungua. Pleti za msuguano zikiwa zimeng'aa kama kioo, zimeungua, hazina dawa, nunua seti na springi zake. Pleti mpya zilowekwe usiku mzima kwenye oili ileile utakayoweka. Zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza kabla oili haijazifikia.

Mnunuzi Makini

Kuhusu kununua: oili ya kupima kutoka kwenye pipa mimi siigusi. Hata kama muuzaji ni mwaminifu, pipa halina mgongo wa kusoma. Na makopo ya majina makubwa yanajazwa upya, mnajua. Tazameni mfuniko, ile pete ya plastiki iwe haijakatika, karatasi ya fedha chini ya mfuniko iwe imegandishwa mzunguko mzima, namba ya toleo iwe imechapwa kwenye kopo lenyewe na si kwenye karatasi tu. Kopo tupu ukimaliza litoboe. Ukikutana na bandia ya wazi, FCC, Tume ya Ushindani, ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia, wapelekee na risiti.

Mwana Tabata

Mrejesho wakuu.

Nimepata 10W-40 ya 4T, kisanduku cha JASO kipo, MA2. Nimesuuza kama mzee alivyosema, nimeweka ya pili. Nyutro Magomeni naipata nikiwa nimesimama, injini inawaka, kwa ncha ya kiatu. Kishindo kimepungua sana. Kimebaki asubuhi tu, gia ya kwanza kabisa bado inagonga kidogo. Jioni hakuna kitu. Nimejaribu na kuteleza: gia ya nne, moto wote kutoka Ubungo kupanda Kimara, mlio na spidi vinakwenda pamoja.

Fundi wangu anasema bado ile 20W-50 ingefanya hivyohivyo. Nimemwachia.

Mzee wa Gerezani

Fundi wako anaweza kuwa sahihi, usigombane naye, utamhitaji kwenye kabureta.

Huko kugonga kwa asubuhi ni pleti zilizogandana usiku. Kabla ya kupiga kiki, ingiza gia ya pili, vuta klachi, isukume pikipiki mbele na nyuma mpaka usikie zimeachia. Rudi nyutro, piga kiki. Ukitaka zaidi ya hapo, regeza au kaza waya mpaka ufike kwenye kile kipimo cha uhuru nilichotaja.

Umejaza kiasi gani?

Mwana Tabata

Nimejaza mpaka kwenye alama ya juu, ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni.

Mzee wa Gerezani

Hapo umezidisha au umepunguza, kutegemea mdomo wa kujazia uko upande gani. Isimamishe wima, mtu akushikie. Kiasi kipo kitabuni, na mara nyingi kimechapwa kwenye kava la injini. Angalia pia kitabuni kama kuna kiasi kimoja cha kumwaga tu na kingine cha injini iliyofunguliwa, wewe chukua cha kumwaga tu. Ikizidi, pleti zinaogelea mno na klachi inarudia kukokota, na nyingine itatemwa kwenye mpira wa kupumulia.

Na ile washa ya shaba ya bolti ya chini, uliweka mpya?

Mwana Tabata

Ya zamani. Inatoa jasho kidogo.

Mzee wa Gerezani

Badilisha, usiikaze zaidi. Kava ni aluminiamu, ukiua nyuzi za pale utakuwa umefungua uzi mwingine hapa jukwaani. Kwa sasa ipange wima, pima, ongeza ya kopo hilohilo, na hiyo ya kusuuza uliyomwaga ipeleke gereji wanakokusanya oili chafu, mtaroni hapana.